Maman, Neema Yuko Kazini

Maman,

Neema yuko kazini. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Hata salamu usingeingoja, ungeuliza kwanza mtoto wako yuko wapi. Basi yuko hapa, nyuma ya ukuta huu, anakanda unga wa mandazi ya jioni. Claudine yuko naye, wanabishana kuhusu sukari, nami nawasikia. Nimekaa kwenye stoo yako, juu ya gunia, karatasi iko mapajani, naandika kwa hiki Kiswahili changu cha Karagwe ulichokuwa unakicheka. "We Vestine unasemaka kama redio," ulikuwa unaniambia mbele ya wateja, nao wanacheka, nami nacheka. Tangu uondoke hakuna anayenicheka hivyo. Wananiita madame sasa. Madame, mimi, mbeba trei wako.

Watu bado huniuliza uliniachia maneno gani ya mwisho. Wanadhani mtu kama wewe, aliyevuka mpaka kutoka Goma na mtoto mgongoni akaanza maisha upya na tanuri la matofali, hawezi kuondoka bila kuacha wosia. Nawaambia kilichotokea. Ulirudi kutoka Nyakiriba, kwa wakwe wa Neema, mchana ule ukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na mkate uliompelekea mjukuu wako ulikuwa bado mkononi kwa sababu hawakukufungulia mlango. Ukakaa. Ukasema kichwa kinakubana. Kisha ukanitazama, ukasema, "Vestine, mukate inaungua." Nikakimbilia tanuri. Niliporudi ulikuwa umeinama upande mmoja, na mdomo wako haukunijibu tena. Hospitalini walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Kulipopambazuka ulikuwa umekwenda.

Mkate ulikuwa unaungua kweli, Maman. Nataka ulijue hilo. Hukuwa unaweweseka.

Sasa niache nirudi nyuma kidogo. Habari ya kuugua kwa Neema unaijua kuliko mimi, lakini kila mtu katika mji huu anaisimulia kwa namna yake, na nimechoka kusikia ya kwao. Nataka kuisema mara moja kama ilivyokuwa, na nani mwingine wa kumwambia kama si wewe.

Neema alikuwa mkono wako wa kulia hapa bekari. Alipoolewa na Fidèle, yule mtunza ghala wa Rubona, uliniambia umempata mkwe mpole na umepoteza mfanyakazi, na hujui ulie au ushukuru. Akajifungua Ineza. Sote tulikwenda kumwona, tukamkuta anang'aa, kifungua mimba wake kifuani. Baada ya hapo usingizi ukamwacha. Fidèle alidhani ni mtoto anayemwamsha, lakini mtoto alikuwa analala vizuri tu. Neema ndiye aliyekuwa anafua nepi safi, anazianika, anazianua, anazifua tena. Akaanza kusema maziwa yake yameharibiwa na mtu. Kisha akasema Ineza si yule aliyemzaa, wamembadilishia. Hakumdhuru, Maman. Watu wanapenda kusema alitaka kumdhuru mtoto, na kila wanaposema mbele yangu nawakatiza. Alimlaza kwenye mkeka, akamfunika vizuri, akatoka pekupeku kwenye mvua kwenda kumtafuta mwanawe wa kweli.

Mama yake Fidèle akampeleka kwake Nyakiriba, akaita watu wa maombi. Walimfunga mikono kwa kamba ya katani ili asitoroke tena. Wewe ulipopata habari ulivua aproni tu. Ulipanda na Pascal, mwenzetu wa tanuri, na Pascal ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Ulimkata kamba kwa kisu cha mkate, watu wakiwa wamepiga magoti bado. Ukamgeukia yule bibi ukamwambia, "Mi nilikupea mutu. Sikukupea mbuzi." Ukaondoka na binti yako. Ineza akabaki kule, maana Neema mwenyewe alikuwa anapiga kelele kwamba yule si wake, na ungewajibu nini.

Hospitali ya wilaya, upande wa wagonjwa wa akili, walitueleza kuwa ni ugonjwa unaowakamata baadhi ya wanawake baada ya kuzaa, kwamba una dawa, kwamba mtu hurudi. Akarudi kweli, polepole. Kwanza alimwulizia Ineza. Lakini alirudi kimya, na aibu ikiwa imemkaa mwili mzima. Wewe ukamweka kwenye chumba cha nyuma, ukawaambia wateja amekwenda Masisi kusalimia ndugu. Chakula ulimpelekea mwenyewe. Ulikuwa unamkinga na midomo ya watu, na hakuna anayeweza kukulaumu. Ila yeye alikuwa anasikia kila kitu kupitia ukuta, tanuri likifunguliwa, sisi tukicheka, mashine ya kukandia ikianza. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza zaidi ni ile mashine. Alikuwa anajua kwa sauti yake kama maji yamezidi, naye hawezi kutoka kusema.

Hapo ndipo ulipotuacha.

Siku ya kumaliza matanga, kaka yako Bahati alikuja kutoka Goma. Tonton, mjomba wa Neema, alilia kweli, sitakuficha. Kisha akatukusanya uani, akasema atamvusha Neema mpaka, kuna nyumba ya maombi anaijua kule, wanakaa huko watu wa namna hiyo mpaka wapone. Akasema bekari itafungwa kwanza, mambo yaangaliwe. Nilisimama. Mimi si ndugu, Maman, najua. Mimi ni mtu uliyemkuta stendi na sanduku, akitafuta kazi na Kiswahili cha redio. Nilisema nyumba hiyo tunajua wanavyokaa, kwa minyororo, na wewe ulishakataa kamba. Tonton akaniuliza mimi ni nani katika ukoo huu.

Neema ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa cha msiba begani, hakuna aliyedhani anasikiliza. Akasema, "Tonton, mi siendi. Kichwa yangu ilikuwa mugonjwa, haikukufa. Mi nabaki kwa kazi ya maman."

Wote tulikuwa tumezoea kumjadili kama gunia lililowekwa pembeni. Tonton akamtazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, akasema, bon, abaki, lakini akianguka, we Vestine ndiye nitakuuliza. Nikasema uniulize.

Ndivyo nilivyochukua mzigo ambao sikujua uzito wake.

Nilikwenda naye hospitali tukamwona muuguzi, yule mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini. Nilidhani atatuambia Neema apumzike nyumbani. Aliuliza kazi yake ni ipi, nikamweleza, na akauliza tunaanza saa ngapi. Nikamwambia bekari inaamka kabla ya jogoo, mkate lazima uwe tayari mama za mpakani wanapokuja kuchukua wa kuvusha Goma. Akatikisa kichwa. Akasema dawa ni nusu, nusu nyingine ni usingizi. Mtu huyu akikosa usingizi usiku kadhaa mfululizo, ugonjwa unapata mlango. Kisha akamuuliza Neema mwenyewe, si mimi, kama anataka kufanya kazi. Neema akasema anataka kuliko chakula. Muuguzi akasema basi kazi ndiyo ibadilike, si yeye.

Nilirudi na maneno hayo, yakakaa kichwani siku nyingi. Kazi ndiyo ibadilike. Hapa petu kazi haijawahi kubadilika, Maman, wewe mwenyewe ulikuja kukanda ukiwa na homa ya malaria. Lakini nilikaa na Pascal tukapanga. Mkate wa alfajiri tukauchukua mimi, Pascal na Claudine. Neema tukampa mandazi na biskuti za mchana, aanze jua likiwa limepanda, amalize kabla giza halijaingia, akalale. Zamani mchana tanuri lilikuwa linapoa bure. Sasa wanafunzi wakitoka shule wanajaa dirishani, na harufu inafika mpaka barabara ya ziwani.

Sikutaka uongo wa Masisi uendelee. Nilimuuliza Neema, akakubali, kwa hiyo nikawaambia wenzangu wazi kwamba Neema aliugua ugonjwa wa akili, anakunywa dawa, anarudi kazini. Pascal akasema aliyajua yote, alikuwepo kamba ilipokatwa. Claudine akaweka trei chini. Akasema yeye hafanyi kazi na mtu huyo karibu na moto.

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia aondoke. Lakini alikuwa ananitazama si kwa jeuri, Maman, midomo yake ilikuwa imekauka. Nikamvuta hapa hapa stoo nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba yangu alikuwa vile. Sisi batoto tulikuwa tunalala na viatu, juu ya kukimbia usiku akianza. Siku moja aliwasha nyumba." Hakuwahi kumwambia mtu. Mume wake hajui mpaka leo kwa nini hawezi kulala bila viatu karibu na kitanda. Baba yao hakuna aliyempeleka hospitali, walihama kijiji tu, na wakahama tena.

Nikamwambia sitamlazimisha. Akafuta uso kwa aproni, akafikiri. Akasema, "Mi nitabaki. Lakini muniache niogope." Nikamwambia ana haki ya kuogopa. Tukakubaliana Neema asikae na tanuri peke yake, Pascal ndiye aingize na kutoa trei. Nilipomweleza Neema nilidhani ataumia. Akasema hata yeye anaogopa wakati mwingine, anajiogopa mwenyewe, kwa hiyo wako wawili.

Wateja walikuwa kazi nyingine. Unawajua mama za mpakani. Kuna yule mnene wa kitenge cha njano, mwenye sauti inayofika Goma kabla yake. Alimwona Neema dirishani, akaweka beseni chini, akauliza mbele ya wote kama siku hizi tunawalisha watu mikate iliyoguswa na musazi, yaani kichaa. Wengine wakaacha kuchagua. Nikafungua mdomo, Neema akanishika mkono. Akamwambia yule mama, bila kupandisha sauti, kwamba ndiyo, aliugua, na kwamba mikono ananawa kama yeye anavyonawa. Kisha akamuuliza anataka mikate au hataki, kwa sababu nyuma kuna watu wanangoja.

Yule mama aliondoka bila mkate, na wengine wakamfuata. Wiki zile Pascal alikuwa anarudisha trei zikiwa zimejaa, na mkate uliolala unanuka huzuni, unajua. Tulikula mkate mpaka tukachoka. Claudine alisema labda Neema akae ndani wateja wasimwone. Nikakataa. Nikasema tukimrudisha nyuma ya ukuta leo, hatatoka tena. Sikuwa na hakika kama nina haki ya kuihatarisha bekari yako hivyo, Maman. Lakini kila asubuhi nililifungua dirisha.

Walirudi. Si kwa upendo, mkate wetu ni mzuri tu. Yule wa kitenge cha njano alirudi wa mwisho. Mchana mmoja akanivuta pembeni, akaninong'oneza, yeye wa sauti ile, kwamba ana mdogo wake ambaye hatoki ndani tangu mvua za mwaka jana, haogi, hasemi, na je, ile hospitali yetu ni mlango gani. Nikamwambia amuulize Neema. Aliona aibu. Alirudi siku nyingine akamuuliza.

Usifikiri yote yalipanda kama hamira. Lazima nikuambie na ile ya msimu wa mvua.

Dawa zilikuwa zinamtetemesha vidole. Mtu wa kukanda, vidole vinatetemeka, mandazi yanatoka yamepinda, na watoto dirishani wanauliza kwa nini. Akaanza kuziruka bila kutuambia. Mwanzoni alichangamka, akawa anaimba, sisi tukafurahi, wajinga sisi. Kisha akaanza kuja mapema, mapema zaidi, mpaka siku moja tukamkuta amefika kabla yetu, amesimama nje ya mlango na nguo zimelowa. Hakuwa amelala. Mchana ule alimwaga donge lote la unga uani, akasema limetiwa kitu, akasema Claudine ndiye aliyelitia.

Claudine alirudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwona anaangalia mlango, na nilijua anachokiona si Neema. Pascal akafunga tanuri, akasimama mbele yake. Mimi nilimwendea Neema. Sikujua la kufanya. Nilimwambia tu, kwa ile lugha yako, maana yangu isingefika, "Neema, twende kwa muganga. Mi na we." Akaniuliza kama nitamfunga. Nikamwambia sina kamba, nina mwavuli.

Tukatembea. Alisimama mara nyingi njiani, akarudi nyuma, akaongea na watu ambao siwaoni. Watoto walitufuata wakipiga kelele, na mwanamume mmoja mwenye pikipiki ya abiria, moto kama mnavyoiita hapa, akawafukuza, akatusindikiza akiisukuma mpaka geti la hospitali. Simjui jina. Tulipoingia ndani tukakaa kwenye benchi, Claudine akaingia nyuma yetu. Alikuwa ametufuata kwa mbali njia nzima, amebeba sweta ya Neema na kadi yake ya bima, ile mutuelle. Hakusogea karibu. Aliiweka sweta kwenye benchi, kati yao, akakaa mwisho kabisa. Alikaa mpaka Neema alipopewa kitanda.

Alilazwa, na dawa wakambadilishia, vidole vikatulia. Muuguzi akamwambia kitu nilichokipenda, kwamba siku nyingine dawa ikimsumbua aje waigombeze dawa pamoja, asiigombeze peke yake. Kisha akanigeukia. Akaniuliza mimi nalala. Nilidhani ni mzaha. Akauliza tena, nikalia pale mbele ya Neema kama mtoto. Nilikuwa silali, Maman. Nilikuwa nasikiliza mlango wake usiku. Nilikuwa nampigia Pascal makelele kwa ajili ya trei. Nilikuwa nimepungua mpaka sketi zinazunguka. Akaniambia anayemtunza mgonjwa naye anaweza kuugua, na kwamba niwe na mtu wa kunipokea. Tangu hapo Pascal anafungua bekari Jumatatu na Alhamisi, mimi nalala. Neema akijisikia usingizi unakimbia, ananiambia mwenyewe, au anamwambia Claudine. Ndiyo, Claudine. Wanabishana kuhusu sukari kila siku, na hilo kwangu ni wimbo.

Tonton nilimpigia simu mwenyewe, siku ile ile. Alisema ataniuliza, nami nilitaka aniulize nikiwa wima. Nikamweleza yote, donge, mvua, kitanda. Akauliza kama Neema amekula. Alivuka siku ya pili na chupa ya uji. Habari ya nyumba ya maombi hakuitaja tena.

Sasa Ineza.

Najua ulikuwa unaningoja nifike hapa.

Neema alipotoka hospitali alisema anataka kwenda Nyakiriba. Nilihofia. Ule mlango ndio uliokurudisha wewe na kichwa kinachobana. Lakini alitaka, na mtoto ni wake. Tulipanda moto mbili, tukapita mashamba ya vitunguu, tukafika. Bibi alitutazama kupitia dirisha, akasema kwa Kinyarwanda kwamba mtoto amelala, na hajui ataamka lini. Neema akasema asante, akaweka mandazi kwenye jiwe la mlangoni, tukarudi. Njia nzima hakulia. Wiki iliyofuata akaenda tena, mtoto amelala. Akaenda tena. Sikumwambia aache, na kila alipoenda alikuwa amelala vizuri usiku, amekunywa dawa yake, amevaa ile blauzi yako ya bluu.

Fidèle ndiye aliyevunjika kwanza. Alikuja hapa mchana, akasimama ng'ambo ya barabara, akaondoka, akarudi. Nilimwita ndani. Amekonda. Akaniambia kazini Rubona walimwita bwana ya musazi, walikuwa wanamwigizia mke wake akipita na karatasi zake, na mkubwa wao anacheka nao. Alikuwa amekaa kimya kwa sababu alidhani akisema chochote watamwambia amrudie basi. Akasema anamwogopa na anamkosa, vyote kwa siku moja, na hakuna mtu wa kumwambia hayo. Nilitaka kumwambia mengi kwa niaba yako. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa anaangalia mlango wa kule ndani, nikamwita Neema.

Niliwaacha. Kupitia ukuta nikamsikia Neema anamuuliza kama Ineza anapenda mandazi. Fidèle akasema anayapenda. Akasema kila wiki bibi huyaokota kwenye jiwe na kumpa mtoto, anamwambia yametoka kwa mama yake. Maman, bibi alikuwa anasema hivyo. Yule bibi, nyuma ya mlango uliofungwa.

Neema alitoka nje uani akakaa chini kabisa.

Sitakuambia wamerudiana. Hawajarudiana. Fidèle anakuja hospitali naye siku ya kliniki, anakaa, anauliza maswali, anaandika kwenye kiganja kama mwanafunzi. Huko ghala alimwambia mkubwa wake mbele ya wote kwamba mke wake ni mgonjwa anayetibiwa na atakayemwigiza tena amwigize akimtazama yeye machoni. Alikuja kutuambia hilo akiwa bado anahema. Watakavyomaliza wao wenyewe ndio wanajua.

Jumapili iliyopita alimleta Ineza.

Anatembea. Ana paji lako la uso, lile la mtu anayetaka kukukatalia. Alijificha nyuma ya suruali ya baba yake, hakumjua Neema, na kwa nini angemjua. Nilidhani Neema atamkimbilia, atamnyakua, nami ningeelewa. Hakusogea. Alikaa kwenye mkeka na donge dogo la unga, akaanza kulifinyanga, mviringo, mviringo, bila kumwangalia mtoto. Bibi alikuwa amekuja pia, amekaa kwenye kiti karibu na mlango na mkoba kwenye mapaja, kama mtu wa basi. Tulikaa hivyo. Hatimaye Ineza akaachia suruali. Akaja, akabonyeza lile donge kwa kidole kimoja, akacheka lilivyozama.

Baadaye akachoka, watoto wanavyochoka, kwa hasira. Akalia akamtaka bibi. Bibi akainuka kumchukua, akasimama katikati ya chumba, akafungua kanga aliyokuja nayo. Akamfunga Ineza mgongoni mwa Neema kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo. Akasema kwa Kinyarwanda, huyu hulala ukimtembeza.

Neema akatembea, kutoka tanuri mpaka dirishani, dirishani mpaka tanuri. Mtoto akalala, shavu kwenye blauzi yako. Nilimwambia amlaze stoo, mgongo utamuuma, na mandazi ya jioni yanangoja. Akasema, "Hapana dada. Mi nitamubeba tu." Akakanda unga wote wa jioni ile na mwanawe mgongoni. Claudine alikuwa anampimia maji, kwa sababu Neema hakuweza kuinama.

Hayo ndiyo yaliyobadilika. Nimekuandikia kwa sababu watu wanaendelea kusema ulikufa na huzuni ya binti aliyeharibika. Binti hakuharibika, na nataka uwe wa kwanza kuambiwa.

Sasa niende, wananiita, sukari imewashinda. Lala, Maman. Pumzisha miguu ile. Muuguzi hakutuficha, ugonjwa huu unaweza kurudi, mwaka huu au mwingine, kwa mvua au kwa jua. Ugonjwa ukirudi utatukuta hapa, dirisha likiwa wazi na jina lake likitajwa kwa sauti. Nafasi ya Neema mezani haitapewa mtu mwingine. Ataondoka akaugue, na atarudi akande. Hilo nakuahidi mimi Vestine, ambaye Tonton aliniuliza ni nani katika ukoo huu.

Wako,
Vestine